Barua ya wazi: Jumapili moja kwa mwezi, barabara za katikati ya Dar es Salaam ziwe za baiskeli

Kwa:
Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam;
Mstahiki Meya wa Jiji la Dar es Salaam, pamoja na Waheshimiwa Mameya wa Manispaa za Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni;
Kamanda wa Polisi, Kanda Maalumu ya Dar es Salaam, na Kikosi cha Usalama Barabarani;
Mameneja wa TARURA na TANROADS, Mkoa wa Dar es Salaam;
Mtendaji Mkuu wa Wakala wa Mabasi Yaendayo Haraka.

YAH: OMBI LA KUFUNGA BAADHI YA BARABARA KWA MAGARI ASUBUHI YA JUMAPILI MOJA KILA MWEZI ILI WANANCHI WAENDESHE BAISKELI BURE

Waheshimiwa viongozi,

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mkazi wa Magomeni ninayekwenda kazini na kurudi nyumbani kwa baiskeli. Ombi langu ni moja, nalo nalieleza mapema ili yote yatakayofuata yapimwe kwalo: Jumapili ya kwanza ya kila mwezi, kuanzia saa 12 hadi saa 4 asubuhi, baadhi ya barabara za katikati ya jiji zifungwe kwa magari na pikipiki, na kila mwenye baiskeli, iwe mpya au kuukuu, yake au ya kukodi, aingie na kuendesha kwa mwendo wake bila kiingilio, bila kujiandikisha na bila kushindana na mtu yeyote. Siombi fedha za kununua baiskeli, wala siombi ujenzi wa barabara mpya. Naomba saa chache za barabara ambazo tayari zipo, katika asubuhi ambayo magari huwa machache kuliko asubuhi nyingine yoyote ya juma.

Nahofia kwamba ombi la namna hii linaweza kusomwa kama ombi la watu wachache wenye baiskeli za bei kubwa, kwa hiyo naomba tukumbushane ni nani hasa anayeendesha baiskeli Dar es Salaam. Ni mchuuzi anayetoka soko la samaki la Feri alfajiri akiwa na tenga kwenye kerea, akiwahi kufika Tandale au Buguruni kabla jua halijawa kali. Ni kijana aliyepanga trei za mayai hadi zikazidi kimo cha kichwa chake na kuzifunga kwa mpira wa tairi, ambaye akiguswa tu na kioo cha daladala anapoteza mtaji wake wote. Ni mlinzi anayetoka lindo, ni fundi mwashi aliyefunga mwiko na pimamaji nyuma ya kiti, ni mfanyakazi wa kiwanda cha Chang'ombe anayeishi Tandika au Mbagala. Wengi wa hawa hawakuichagua baiskeli kwa sababu ya afya wala mazingira. Wameichagua kwa sababu nauli ya kwenda na kurudi kila siku ingekula sehemu ya kipato ambayo nyumbani inasubiriwa kununulia unga.

Kwa hesabu ya Sensa ya mwaka 2022 mkoa wetu una watu 5,383,728, na barabara zetu nyingi zimepangwa kana kwamba kila mmoja wao atamiliki gari siku moja. Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, inamtambua mwendesha baiskeli kuwa mtumiaji halali wa barabara, lakini yeye mwenyewe hujifunza mapema kwamba haki hiyo inaishia pale dereva aliye nyuma yake anapopiga honi. Kushoto kwake kuna mtaro usiofunikwa, au mchanga uliosombwa na mvua ambao gurudumu likiuingia halina mshiko; kulia kwake kuna daladala inayokata ghafla kuingia kituoni, na katikati ya hivyo viwili kuna bodaboda inayotafuta upenyo uleule anaoutegemea yeye. Kama wenzangu wengi, nimezoea kutumia masikio kuliko macho ninapokuwa barabarani, kwa sababu hatari yetu hutoka nyuma. Mtu anayeishi hivyo kila siku anastahili walau asubuhi moja ya mwezi ambayo ataiona barabara ya mji wake akiwa ametulia.

Jiji hili lilianza vizuri, na ni haki kulisema hilo. Mabasi ya mwendokasi yalipoanza kutoa huduma Mei 2016 katika njia ya kwanza yenye urefu wa kilomita zipatazo 21, Barabara ya Morogoro ilipata pia njia za waenda kwa miguu na za baiskeli pembeni yake, na mwaka 2018 Dar es Salaam ikapewa Tuzo ya Usafiri Endelevu, ikiwa jiji la kwanza la Afrika kuipata. Leo ninapopita katika njia hizo za baiskeli, mahali pengine nakuta meza za matunda, mahali pengine kijiwe cha bodaboda, mahali pengine gari lililoegeshwa na mwenyewe haonekani. Siwalaumu wachuuzi na vijana wa bodaboda, kwa kuwa wao wanafuata riziki penye watu, na njia ya baiskeli isiyopita baiskeli huonekana machoni pa kila mtu kuwa nafasi tupu. Mgambo wakiwaondoa asubuhi, jioni watakuwa wamerudi. Kinachoweza kuilinda njia hiyo kwa kudumu ni baiskeli zenyewe kupita kwa wingi kiasi kwamba hakuna anayefikiria kupanga meza hapo, na baiskeli hazitapita kwa wingi mpaka watu wengi zaidi waonje kwanza, mahali pasipo na hatari, jinsi jiji hili lilivyo jepesi kulizunguka kwa magurudumu mawili. Hiyo ndiyo sababu yangu ya kwanza ya kuomba siku hii.

Pengine mtauliza kwa nini tusitosheke na misafara. Umoja wa Waendesha Baiskeli Dar es Salaam, UWABA, umekuwa ukiandaa misafara jijini kudai barabara salama, na wenzetu wa Nairobi hukutana Jumamosi ya mwisho wa mwezi wakalizunguka jiji lao kwa pamoja. Nawaheshimu wote hao, na bila wao pengine hata barua hii isingekuwa na pa kuanzia. Utaratibu wa msafara unajulikana: waandaaji hutoa taarifa polisi saa 48 kabla, kwa mujibu wa Sheria ya Jeshi la Polisi na Polisi Wasaidizi, Sura ya 322, polisi hupanga ulinzi, kisha watu huondoka kwa pamoja. Lakini msafara una mwanzo mmoja, mwisho mmoja na mwendo mmoja. Aliyepata pancha huachwa. Mama aliyempakia mtoto kwenye kerea hawezi kuufuata, mzee ambaye hajapanda baiskeli kwa muda mrefu ataogopa kuwachelewesha wenzake, na msichana anayejifunza hatathubutu hata kuusogelea. Msafara unapokwisha kupita, magari hufunika mahali pale kama maji, na aliyebaki nyuma yuko peke yake katikati ya barabara ileile ya kila siku.

Barabara iliyofungwa haina aliyechelewa. Mtu anaingilia mtaa ulio karibu naye, anazunguka mara moja au mara tano, anasimama kununua kahawa na kashata, anakaza mnyororo uliolegea, anaondoka saa anayotaka. Mtoto anaweza kuanguka katikati ya lami na kitu pekee kitakachomfikia ni mikono ya watu wanaomwinua. Anayekwenda kasi atapita upande wa kulia na asiye na haraka atabaki kushoto, na baada ya mara mbili tatu kila mtu atakuwa ameshajua bila kuandikiwa kibao. Faida nyingine ni kwamba polisi hawatalazimika kukimbizana na kundi linalosogea. Watasimama katika makutano yanayojulikana, kwa saa zinazojulikana, na kila dereva atakuwa amejua tangu mwezi uliopita kwamba Jumapili hiyo njia ile haipitiki. Ndiyo maana sioni kuwa ninaomba msafara mkubwa zaidi. Ninachokiomba ni kitu cha aina nyingine, na hakuna kikundi cha wananchi kinachoweza kukifanya chenyewe, kwa sababu mamlaka ya kufunga barabara mnayo ninyi.

Wala si jambo geni duniani. Bogotá, mji mkuu wa Kolombia, ulianza mwaka 1974, na leo kila Jumapili na kila sikukuu, kuanzia saa 1 asubuhi hadi saa 8 mchana, zaidi ya kilomita 120 za barabara zake huachwa kwa baiskeli na waenda kwa miguu. Addis Ababa ilianza mwishoni mwa mwaka 2018. Mfano unaonigusa zaidi, hata hivyo, ni wa jirani zetu wa Kigali, ambao tangu mwaka 2016 wamekuwa na Jumapili zisizo na magari, kwanza mara moja kwa mwezi na baadaye mara mbili. Familia hutoka, wengine wakikimbia, wengine wakitembea, wengine wakiwa na baiskeli, na wahudumu wa afya huwapima watu shinikizo la damu na sukari bila malipo. Septemba 2025 jiji hilo lilipokea mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, ambayo yalikuwa hayajawahi kufanyika barani Afrika. Ulimwengu uliwatazama mabingwa wakipanda vilima vile. Mimi nilikuwa nikifikiri kwamba miaka tisa kabla ya mabingwa kufika, barabara zile zilikwisha kukabidhiwa watu wa kawaida. Na Kigali ni mji wa vilima. Dar es Salaam, kuanzia Mnazi Mmoja hadi Kinondoni, ni tambarare ambayo hata mtu aliyechoka anaimudu, na upepo wa bahari wa asubuhi tunapewa bure.

Hapa nyumbani pia tumekwisha kuonyesha kwamba jambo la kila mwezi linawezekana. Jumamosi ya mwisho wa mwezi imekuwa siku ya usafi nchini kote, na wananchi walizoea kuona maduka yakifunguliwa baadaye kuliko kawaida ili mitaro izibuliwe. Kama tuliweza kuchelewesha biashara kwa ajili ya mitaro, sioni kwa nini tusiweze kuzungusha magari ya Jumapili alfajiri kwa ajili ya watu.

Sasa nieleze njia, kwa sababu najua ombi lisilo na njia huishia kwenye jalada.

Napendekeza mzunguko uanzie viwanja vya Mnazi Mmoja, ufuate Barabara ya Bibi Titi Mohamed, upite Upanga hadi baharini, ugeuke kulia kuingia Barabara ya Barack Obama, na kabla ya kulifikia eneo la Ikulu ukate kuingia Barabara ya Samora, upite ukumbi wa Karimjee na Bustani ya Mimea, Sanamu ya Askari, Mnara wa Saa, kisha urudi Mnazi Mmoja. Mzunguko huo hauzidi kilomita 10. Kipande cha Upanga nawaachia ninyi na wahandisi wenu, kwa kuwa ujenzi wa miundombinu ya mwendokasi hubadilisha mpangilio wa barabara mara kwa mara, na mnaojua ni mtaa upi unaopitika mwezi upi ni ninyi. Mambo yakizoeleka, upande mmoja wa Daraja la Tanzanite, lililofunguliwa mwaka 2022, ungeweza kuongezwa, ili watu wavuke bahari kwa baiskeli hadi Coco Beach, wapate mihogo na kurudi. Daraja lile watu wengi wanalijua kwa kulitazama tu kutoka ndani ya gari, na ni hasara kuwa na mandhari kama ile mtu akaipita kwa dakika moja.

Nimechagua Samora kwa makusudi, nikaiacha Barabara ya Sokoine na eneo lote la Kivukoni wazi. Jumapili asubuhi waumini wanakwenda Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu na Azania Front, na hakuna siku ya baiskeli inayostahili kumchelewesha mtu ibadani. Barabara hiyohiyo ndiyo inayokwenda kwenye kivuko cha Magogoni na soko la Feri, ambako saa 12 asubuhi ndiyo saa ya kazi kuliko zote, na wachuuzi nisiotaka kuwaumiza kwa jina la baiskeli ni walewale niliowataja mwanzo. Pale ambapo njia ya mwendokasi inakatiza mzunguko huu kwa Barabara ya Morogoro, mabasi yaendelee kupita kama kawaida. Watakaosubiri ni waendesha baiskeli, kwa kuwa abiria wa Kimara anayewahi zamu ya asubuhi hakuomba kuingizwa katika starehe yetu.

Jambo linalohitaji uangalifu mkubwa zaidi ni hospitali. Hospitali ya Aga Khan na Taasisi ya Saratani Ocean Road ziko upande huo wa bahari, na Muhimbili haiko mbali. Naomba katika Barabara ya Barack Obama upande mmoja ubaki wazi muda wote kwa magari ya wagonjwa, kwa wagonjwa wanaofika kwa teksi au bajaji, na kwa ndugu wanaopeleka chakula wodini, na upande wa pili pekee ndio uwe wa baiskeli, ukitenganishwa kwa koni na watu wa kujitolea. Hospitali zishirikishwe kabla ya tarehe kutangazwa. Ikiwa hata moja kati yake itasema kwamba mpango huu unahatarisha wagonjwa wake, kipande hicho kiondolewe bila mabishano, hata kama ndicho kizuri kuliko vyote.

Najua wapo watakaosema kwamba madereva wa daladala, bajaji na bodaboda watapoteza kipato. Kwa saa hizo nne, katika mitaa hiyo, ni kweli kwamba wengine watazungushwa, na hilo lisemwe wazi wala lisifichwe. Lakini watu wanaokusanyika huja na kuondoka, na wengi wao hawatakuja kwa baiskeli. Watakuja kuwatazama wanao. Vituo vya bodaboda na bajaji vikipangwa vizuri pembeni mwa mzunguko, pale Mnazi Mmoja, Fire na Palm Beach, naamini wataondoka na abiria wengi kuliko Jumapili ya kawaida. Viongozi wa vyama vyao waitwe katika kikao cha kwanza kabisa, kabla jambo halijaiva, wala wasisubiri kulisikia redioni.

Kuna kundi ambalo ningependa mlifikirie kwa namna ya pekee, nalo ni wanawake na wasichana. Kanda ya Ziwa mwanamke juu ya baiskeli, mtoto mgongoni na mzigo nyuma, si jambo la kugeuza shingo. Hapa pwani bado anatazamwa, anasemwa, na akianguka anachekwa kwanza kabla ya kusaidiwa, na nimewasikia wanawake wengi wakisema kwamba wangependa kujifunza lakini hawana mahali pa kujifunzia wasipokuwa kioja. Uwanja mmoja wa Mnazi Mmoja ukitengwa siku hiyo kwa wanaojifunza, wakafundishwa na wanawake wenzao kwa utulivu, huku kila mtu aliyepo akiwa na shughuli yake na baiskeli yake, aibu hiyo itakuwa haina wa kuitia. Aliyevaa baibui aje na baibui lake, aliyevaa kanga aje na kanga yake, na mafundi wawepo wa kufunika mnyororo ili nguo isinaswe.

Watoto nao. Mtoto wa Manzese au wa Keko anajifunzia baiskeli ya kukodi kwa dakika, ndefu kuliko yeye, akipitisha mguu chini ya bomba la juu kwa sababu kitini hafiki, katika kichochoro kinachopitwa na bodaboda, au katika kiwanja cha mpira kama bado kipo. Viwanja vya wazi vya mitaa yetu vimepungua kila mwaka, na sioni dalili kwamba vilivyokwisha kujengwa vitarudi. Kwa hiyo barabara pana ya Jumapili asubuhi ndicho kiwanja pekee kikubwa ambacho serikali inaweza kumpa mtoto huyo bila kuvunja nyumba ya mtu. Wenye vijiwe vya kukodisha baiskeli waruhusiwe waje na baiskeli zao ndani ya mzunguko, ili asiyekuwa nayo asibaki kutazama, mradi bei ya kukodi isipandishwe kwa sababu ya siku hiyo.

Waheshimiwa, kuna jambo moja ambalo kama litatokea litaiua siku hii hata kama mengine yote yatafanyika sawasawa. Katika miaka ya karibuni tumepata mbio nyingi za hisani, na zimefanya kazi njema. Mbio hizo zina kiingilio, zina fulana, zina namba ya kifuani na medali, na kwa sababu hiyo mtu wa kipato cha chini amejifunza kwamba barabara inapofungwa, imefungwa kwa ajili ya wengine. Nawasihi siku hii isiwe na chochote cha namna hiyo. Mdhamini akitaka kuleta maji ya kunywa, na aje, lakini asiuziwe haki ya kumvisha kila mtu rangi yake. Pasiwe na jukwaa, pasiwe na mgeni rasmi anayesubiriwa huku jua likipanda, pasiwe na hotuba wala itikadi ya chama chochote. Kiongozi anayependa kuonekana na wananchi, namkaribisha kwa moyo mweupe: aje na baiskeli yake, azunguke, asalimiane na watu, na hilo litakumbukwa kuliko hotuba.

Vilevile siku hii isibaki kuwa ya mjini na Masaki tu. Naomba miezi mitatu ya kwanza ifanyike katikati ya jiji, ambako barabara ni pana na polisi wana uzoefu nako, kisha ianze kuzunguka: mwezi mmoja Temeke kuzunguka Uwanja wa Benjamin Mkapa, mwingine Kigamboni, mwingine Ubungo, mwingine Kinondoni, halafu irudi mjini. Hata inapokuwa mjini, wanaotoka mbali wasaidiwe kufika salama. Wakazi wa Kimara, Ubungo na Manzese wana njia ya baiskeli pembeni mwa Barabara ya Morogoro hadi karibu na mjini, na ningeomba usiku wa kuamkia Jumapili hiyo magari na meza viondolewe humo, na matope ya Jangwani yazolewe. Mbagala na Gongo la Mboto hali ni ngumu zaidi; huko ningeomba wenyeviti wa serikali za mitaa wakubaliane na polisi mahali pa kukusanyika, watu waje kwa makundi wakisindikizwa hadi wafike kwenye barabara iliyofungwa, na wasindikizwe tena kurudi.

Kuhusu gharama, sitadai kwamba hakuna. Askari wa makutano wanahitaji kulipwa posho, koni na vizuizi vinahitaji gari la kuvibeba, na mitaa inahitaji kufagiliwa baadaye. Lakini sehemu kubwa ya kazi inaweza kufanywa na watu ambao tayari wapo: vijana wa skauti kwenye vivuko, Chama cha Msalaba Mwekundu kwa huduma ya kwanza, klabu za jogging za mitaani ambazo Jumapili asubuhi ziko barabarani kwa vyovyote vile, na mafundi baiskeli, ambao ningeomba watengewe nafasi nzuri yenye kivuli bila kutozwa ushuru. Fundi mmoja mwenye pampu, viraka na spana atafanya kazi kubwa asubuhi hiyo, na atapata wateja wa mwezi mzima.

Napendekeza tuanze Jumapili ya kwanza ya Juni. Masika yatakuwa yamekwisha, kipupwe kitakuwa kinaanza, na tarehe 3 ya mwezi huo ni Siku ya Baiskeli Duniani, iliyowekwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2018. Yafanyike majaribio ya miezi mitatu mfululizo, Juni, Julai na Agosti, hata kama Jumapili ya kwanza itakuwa na watu wachache, kwa sababu jambo la namna hii haliwezi kuhukumiwa kwa siku moja ambayo nusu ya jiji haikusikia tangazo. Katika miezi hiyo baiskeli zihesabiwe penye Sanamu ya Askari na penye Mnara wa Saa, wenye maduka ya Samora waulizwe, hospitali ziulizwe, Kikosi cha Usalama Barabarani kiandike kila tatizo lililojitokeza, na majibu yatolewe hadharani, mazuri na mabaya. Baada ya hapo muamue kuendelea, kurekebisha au kuacha, na sisi tutakuwa na haki ya kuuliza kwa nini.

Kwa sasa naomba mambo mawili tu. La kwanza, ateuliwe ofisa mmoja katika Ofisi ya Mkuu wa Mkoa atakayelishika jambo hili, kwa sababu linagusa halmashauri tano, wakala wawili wa barabara, wakala wa mabasi na Jeshi la Polisi, na kisicho na mwenyewe katika ofisi nyingi kiasi hicho hakitembei. La pili, kabla ya mwisho wa Machi kiitishwe kikao kitakachowakutanisha ofisa huyo, polisi, wawakilishi wa hospitali na makanisa niliyoyataja, viongozi wa bodaboda na bajaji, na waendesha baiskeli wenyewe, wakiwemo wachuuzi wa Feri, kikao kipangwe saa za mchana baada ya mzigo wao kuuzwa ili nao waweze kufika. Mimi nitakuja, na ramani ya mzunguko nitakuja nayo.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mkazi na mwendesha baiskeli,
Magomeni, Dar es Salaam